Sinema bubu za Bombay magazetini, 1896–1931: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaopekua magazeti ya zamani ya Bombay, Mumbai ya leo, wakitafuta habari za sinema bubu. Tumeacha jina Bombay kama magazeti yenyewe yalivyoliandika. Saa zote zimegeuzwa kuwa za Kiswahili, kwa hiyo ukilifungua gazeti ukakuta tarakimu nyingine, usishtuke.

Kwa nini kuhangaika na magazeti? Si afadhali kutazama filamu zenyewe?

Nyingi hazipo tena. India ilitengeneza filamu bubu zaidi ya 1,000, na zilizobaki hazifiki 50, tena baadhi ni vipande tu. Ukanda wa nitrati, uliotumika kwa filamu za wakati ule, huoza wenyewe, hushika moto kwa urahisi, na filamu nyingi kuukuu ziliyeyushwa ili kutoa madini ya fedha yaliyokuwa ndani yake. Hata Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke, iliyoonyeshwa mwaka 1913, imebaki na futi 1,475 tu katika hifadhi ya taifa ya filamu mjini Pune, yaani rili (gurudumu la ukanda wa filamu) ya kwanza na ya mwisho. Isitoshe, Phalke aliirudia hadithi hiyohiyo mwaka 1917, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba vipande vilivyobaki ni vya toleo hilo la pili.

Ukitaka kujua nini kilionyeshwa, wapi, saa ngapi na kwa bei gani, gazeti ndilo shahidi uliye naye. Shahidi huyo ana maslahi yake, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu namna ya kumhoji.

Nianzie mwaka gani na niishie wapi?

Anza na toleo la The Times of India la Jumanne, Julai 7, 1896, siku sinematografu, mashine ya picha zinazotembea ya ndugu Lumière wa Ufaransa, ilipoonyeshwa Watson's Hotel. Wengi huishia Machi 14, 1931, siku Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye maongezi, ilipofunguliwa Majestic Cinema. Usifunge daftari siku hiyo. Filamu bubu ziliendelea kutengenezwa na kuonyeshwa miaka kadhaa zaidi, hasa katika kumbi ambazo hazijamudu mitambo ya sauti, na matangazo ya miaka hiyo ya mpito yanafaa sana kwa sababu wenye kumbi walianza kutaja wazi kama filamu inasema au haisemi. Kabla ya hapo hakuna aliyeandika neno "bubu". Sinema ilikuwa sinema tu.

Nisome magazeti yapi?

Kwa Kiingereza, The Times of India ndilo lenye mfululizo mrefu kuliko yote. Lilianza mwaka 1838 kwa jina jingine na likachukua jina hili mwaka 1861. Lilikuwa gazeti la Waingereza wa mjini na Wahindi wenye nafasi, kwa hiyo kumbi za mtaa wa Fort zinaonekana humo mara nyingi kuliko zile za Grant Road au Girgaum, mitaa ya Wahindi. Bombay Gazette linakusaidia hadi mwaka 1914, lilipokoma. Kuanzia 1913 soma pia The Bombay Chronicle la Pherozeshah Mehta, lililohaririwa na B. G. Horniman. Hili lilikuwa na mwelekeo wa kizalendo na liliipa filamu ya Kihindi nafasi ambayo mpinzani wake hakuipa. Horniman alifukuzwa India Aprili 1919, na gazeti likapata misukosuko. Ukiona pengo katika miezi hiyo, usiseme sinema zilifungwa.

Kosa kubwa la watafiti wengi ni kuishia kwenye Kiingereza. Mumbai Samachar la Kigujarati limekuwapo tangu 1822 na Jam-e-Jamshed tangu 1832. Wasomaji wake walikuwa Waparsi na wafanyabiashara wa Kigujarati, na hao ndio waliojaza viti vya kati na ndio waliomiliki kumbi nyingi. Kwa Kimarathi kuna Kesari la Poona, Pune ya leo, lililoanzishwa 1881. Kama hujui lugha hizi, jifunze angalau kusoma tarakimu zake na jina la ukumbi unaoufuatilia. Tangazo la sinema lina maneno machache, na ukishajua jina, siku na bei umeshapata nusu ya kazi.

Tangazo la Julai 7, 1896 lilisema nini hasa?

Liliiita sinematografu ajabu ya karne na maajabu ya dunia, likaahidi picha hai za ukubwa wa kawaida wa mtu. Maonyesho yalikuwa manne: saa 12 jioni, kisha saa 1, saa 3 na saa 4 usiku. Kiingilio kilikuwa rupia 1. Orodha ilikuwa na vipande sita, vikiwamo treni ikiwasili stesheni, wafanyakazi wakitoka kiwandani, kuta zikibomolewa na watu wakioga baharini.

Sasa fanya hesabu ambayo tangazo halikuifanyia. Ukanda mmoja wa Lumière ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi na ulimalizika ndani ya dakika moja au pungufu. Vipande sita havizidi dakika sita za picha. Kati ya kipande na kipande mwendeshaji alitoa ukanda mmoja na kupachika mwingine, na mashine ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono. Ndiyo maana maonyesho mawili yangeweza kupishana kwa saa moja tu bila msongamano. Aliyelipa rupia nzima alilipia dakika sita na mshangao.

Mwendeshaji alikuwa Marius Sestier, mjumbe wa Lumière aliyekuwa njiani kwenda Australia. Bombay ilikuwa kituo cha safari. Maelezo haya husaidia kuelewa kwa nini matangazo ya wiki zile yana haraka ya "siku chache tu". Lakini angalia tarehe: maonyesho yalihamia Novelty Theatre Julai 14 na yakaendelea hadi Agosti 15. "Siku za mwisho" katika tangazo la burudani ni lugha ya biashara, na hupaswi kuiingiza kwenye orodha yako kama tarehe ya kufunga mpaka uone tangazo limetoweka kweli.

Nani walikwenda kutazama? Gazeti linatuambia?

Halisemi moja kwa moja, ila bei zinasema. Watson's kulikuwa na bei moja, rupia 1, katika hoteli ya Wazungu. Novelty kulikuwa na madaraja, kutoka ana 4 hadi rupia 2, pamoja na vyumba vya pembeni vilivyotengwa kwa wanawake wanaotawishwa na familia zao. Hakuna mwenye ukumbi anayetenga vyumba hivyo kwa ajili ya memsahibu wa Kiingereza. Ndani ya wiki moja mwonyeshaji alikuwa ametambua kwamba wateja wake ni Wahindi wa tabaka mbalimbali, na ngazi ya bei ikabadilika kuwafuata.

Kwa hiyo katika kila tangazo, nakili bei za madaraja yote, hata kama ni tano. Bei ya chini ndiyo inayoonyesha mwenye ukumbi alimlenga nani, na bei ya juu inaonyesha alitaka aonekane na nani.

Ana, pai, rupia: zinahesabiwaje?

Rupia 1 ni ana 16. Ana 1 ni paisa 4, na paisa 1 ni pai 3. Yaani rupia ni paisa 64 au pai 192. Msomaji wa Kiswahili hapa yuko nyumbani, kwani "pesa" yetu imetoka kwenye paisa hiyohiyo. Magazeti huandika tarakimu tatu kwa mpigo, mfano 1-8-0, maana yake rupia 1, ana 8, pai 0. Ni rupia moja na nusu, wala si 1.80. Kosa hili limewahi kuharibu majedwali mazima: ana 8 ni 0.50 ya rupia, ana 4 ni 0.25, ana 3 ni 0.1875. Geuza kila kitu kiwe ana kabla ya kujumlisha au kulinganisha.

Baada ya 1923 ongeza tahadhari. Jimbo la Bombay lilianza kutoza kodi ya burudani mwaka huo, na bei inayotangazwa yaweza kuwa na kodi ndani au nje. Bei za ukumbi uleule zikipanda kidogo kwa pamoja, kodi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Saa za maonyesho hazilingani kati ya gazeti na gazeti. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Mji ulikuwa na saa mbili. Saa ya Bombay ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 4 na dakika 51. Reli ilifuata saa ya Madras, iliyotangulia kwa nusu saa hivi. Mwaka 1906 serikali ilileta saa ya India nzima, saa 5 na dakika 30 mbele ya Greenwich, lakini mji ukaing'ang'ania saa yake hadi 1955. Tofauti ikawa dakika 39. Tafuta herufi ndogo karibu na muda, S.T. kwa saa rasmi au B.T. kwa saa ya Bombay. Pasipo herufi hizo, nakili muda kama ulivyo na usijaribu kuusahihisha. Ukihitaji kujua kama onyesho lilianza baada ya jua kuzama, jambo muhimu kwa maonyesho ya hemani, zipige hesabu zote mbili.

Nimetafuta kwenye hifadhi ya kidijitali nimepata matokeo machache sana. Tatizo ni nini?

Matatizo ni manne, na kwa kawaida yote yapo kwa pamoja.

La kwanza ni jina la chombo. Miaka ya mwanzo hakuna aliyeandika "cinema". Tafuta "cinematograph", "kinematograph", "bioscope", "animated photographs" na "living pictures", kila moja peke yake. Kisha tafuta majina ya kibiashara ya mashine. Januari 1897, kwa mfano, Gaiety Theatre ilipokea mashine iliyotangazwa kama Vitagraph ya Stewart, na anayetafuta sinematografu hataiona kamwe.

La pili ni kompyuta inayosoma maandishi. Matangazo yalipangwa kwa herufi za mapambo, ndogo na kubwa zikichanganywa, na wino ulifurika. Neno refu hukatwa mwishoni mwa mstari, na kompyuta huona vipande viwili visivyo na maana. Tafuta kipande badala ya neno zima. Maneno mafupi yaliyochapwa kwa herufi za kawaida, kama jina la barabara, husomeka vizuri zaidi kuliko kichwa cha tangazo kilicho kikubwa.

La tatu ni tahajia ya majina ya Kihindi. Harishchandra, Harischandra na Harichandra ni mtu mmoja. Pundalik ni Pundlik. Tumia alama ya nyota ya utafutaji mahali herufi zinapobadilika.

La nne ndilo linalosahaulika. Katika hifadhi ya ProQuest yenye The Times of India, ukurasa wa matangazo madogo mara nyingi huwekwa kama kitu kimoja kisicho na kichwa. Ukichuja matokeo yabaki "makala" tu, umetupa nje karibu kila kitu unachokitafuta. Ondoa kichujio hicho kwanza. The Bombay Chronicle linapatikana katika hazina ya kidijitali ya Asiatic Society of Mumbai, na huko pia afadhali upitie toleo kwa toleo kuliko kutegemea kisanduku cha kutafutia.

Njia inayofanya kazi: chagua wiki moja, fungua kila toleo kwa jicho, tambua matangazo ya burudani yanakaa ukurasa gani na safu ipi. Magazeti ya wakati ule yalizoea kuweka matangazo mahali palepale kwa miezi. Ukishapajua, toleo moja halikuchukui dakika tatu.

Baada ya Agosti 1896 habari zinapungua ghafla. Watu walichoka?

Kabla ya kusema walichoka, angalia safu za habari. Tauni iliingia Bombay Septemba 1896. Watu walihama kwa maelfu, na kurasa zikajaa takwimu za vifo na amri za afya. Kuna pia majira: masika ya Bombay hushuka Juni hadi Septemba, na hakuna anayesimamisha hema uwanjani kwenye mvua ile. Maonyesho ya kuzunguka yalikuja miezi ya baridi na ukavu. Ukichora grafu ya idadi ya matangazo kwa mwezi, utaona mawimbi ya msimu yanayofanana na kupanda na kushuka kwa hamu ya watu. Linganisha Januari na Januari, wala si Januari na Julai.

Tangazo linasema filamu ina urefu wa "maili mbili". Inawezekana?

Hili swali tunalipenda. Tangazo linalonukuliwa sana lilitolewa Surat kwa ajili ya Raja Harishchandra: picha 57,000, urefu wa maili mbili, kwa ana 3 tu. Chukua kalamu.

Ukanda wa milimita 35 una picha 16 katika kila futi. Picha 57,000 gawanya kwa 16 ni futi 3,562. Filamu yenyewe inaandikwa kuwa na futi 3,700 hivi, rili nne. Kwa hiyo idadi ya picha ni ya kweli, aliyeiandika aliijua filamu. Lakini maili moja ni futi 5,280, na mbili ni 10,560. "Maili mbili" ni karibu mara tatu ya ukweli. Tangazo lilelile, mstari uleule, lina takwimu moja ya kuaminika na nyingine ya kuvutia watu. Ndivyo ilivyo kwa matangazo mengi, na huwezi kujua ipi ni ipi mpaka upige hesabu.

Kanuni za kukumbuka: rili moja kamili ni futi 1,000. Kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, futi moja ni sekunde moja, hivyo rili huchukua dakika 16 na sekunde 40. Kwa picha 20 kwa sekunde ni dakika 13 na sekunde 20. Rili haikujazwa daima. "Rili nne" yaweza kuwa futi 3,200 au 3,900. Na mwendo ulikuwa mkononi mwa mwendeshaji, kihalisi.

Mkono wa mwendeshaji unaonekana gazetini?

Kwa kupima nafasi kati ya maonyesho, ndiyo. Coronation Cinematograph, barabara ya Sandhurst, Girgaum, ilitangaza Raja Harishchandra kuanzia Jumamosi, Mei 3, 1913, saa 12 jioni, saa 2 usiku, saa 4 usiku na saa 6 kasorobo usiku, kwa viingilio maradufu. Tangazo hilohilo liliahidi pia ngoma, vichekesho na mtu wa kurusha vitu kwa miguu.

Futi 3,700 kwa picha 16 kwa sekunde ni dakika 61 na sekunde 40. Kati ya maonyesho matatu ya kwanza kuna dakika 120, zinatosha filamu, wachezaji na kuwatoa watu. Kati ya saa 4 na saa 6 kasorobo zipo dakika 105 tu. Robo saa imetoweka. Ama wachezaji walifupishwa, ama mkono uliongezwa kasi: kwa picha 20 kwa sekunde filamu ileile huisha kwa dakika 49 na ushee. Tangazo halisemi ni lipi. Ila ukikutana na barua kwa mhariri inayolalamikia watu wanaokimbia kama panzi kwenye pazia, angalia kwanza mwandishi alihudhuria onyesho la saa ngapi.

Filamu ya kwanza ya Kihindi ni ipi, kwa ushahidi wa magazeti?

Jibu hutegemea unaliwekaje swali. Shree Pundalik, kazi ya Dadasaheb Torne, ilifunguliwa Coronation Cinematograph Mei 18, 1912, karibu mwaka mzima kabla ya Phalke. Wanaompinga husema ilikuwa mchezo wa jukwaani uliopigwa picha, mpiga kamera alikuwa Mwingereza, na ukanda ulisafishwa London. Raja Harishchandra ilionyeshwa kwa waalikwa Olympia Theatre Aprili 21, 1913, kisha kwa watu wote Mei 3, na tangazo lake likadai wazi kuwa ni filamu ya kwanza kutengenezwa India.

Zingatia ukumbi: ni Coronation mara zote mbili. Mwenye ukumbi aliyekwisha kuonyesha Pundalik hakuona shida kuitangaza Harishchandra kuwa ya kwanza. Huenda kwake neno "kutengenezwa" lilibeba uzito wote. Na ukirudi nyuma zaidi, H. S. Bhatavdekar alipiga picha za mieleka Bombay mwaka 1899. Kwa hiyo andika "ya kwanza ya namna gani", kisha nukuu tangazo, wala usiligeuze dai la biashara kuwa hukumu yako.

Nitajuaje kama sifa zilizo kwenye safu ya habari zimelipiwa?

Weka tangazo na habari kando kwa kando. Zikirudia sifa zilezile kwa mpangilio uleule, mhariri amepewa karatasi na mwenye ukumbi. Dalili nyingine ni habari kutoka asubuhi ya siku ya ufunguzi, kabla pazia halijafunuliwa, na kumalizia kwa bei za tiketi.

Maandishi ya aliyekaa kitini huwa na jambo ambalo tangazo halina. Mei 5, 1913, siku mbili baada ya ufunguzi, The Bombay Chronicle lilitaja mandhari ya msitu unaoungua na tokeo la mungu Shiva anayemfufua mtoto. Hizo ni hila za kamera, na mtu huzitaja kwa sababu zilimshika. Tarehe pia inafaa kutazamwa: ufunguzi Jumamosi, maoni Jumatatu. Jumamosi ilikuwa siku ya kubadilisha programu. Mei 18, 1912, Mei 3, 1913 na Machi 14, 1931 zote ni Jumamosi. Ukipata tarehe ya "ufunguzi" inayoangukia Alhamisi, kagua kalenda kabla ya kuiamini, maana mara nyingi ni tarehe ya toleo, au ni onyesho la waalikwa.

Ukumbi umetoweka magazetini. Umefungwa?

Pengine umebadilisha jina. Novelty, pale sinematografu ilipohamia 1896, ilipisha jengo jipya lililoitwa Excelsior. Gaiety baadaye ilikuwa Capitol. Fuata mtaa badala ya jina. Jihadhari pia na majina yanayofanana: Elphinstone, Alexandra na Empire yalipewa kumbi katika miji mingi ya dola ya Kiingereza, na gazeti la Bombay lilichapa pia habari za Calcutta na Madras.

Filamu haikuwa na sauti, sasa magazeti yanataja lugha na muziki kwa nini?

Kwa sababu ukumbi haukuwa kimya. Kumbi za Fort zilijisifia piano au bendi. Za mitaa ya Wahindi, harmonia na tabla. Maandishi ya kati ya picha yaliandikwa kwa lugha mbili, tatu au nne kwenye kibao kimoja, kama Kiingereza, Kigujarati, Kihindi na Kimarathi. Tangazo likitaja lugha hizo, limekutajia wateja. Kumbuka tu kwamba kibao chenye lugha nne hula ukanda mwingi, maana lazima kikae pazia muda wa kutosha wasomaji wote wamalize. Toleo la Bombay la filamu moja laweza kuwa refu kuliko lile lililopelekwa kwingine bila tukio hata moja kuongezwa.

Filamu imetangazwa wiki nzima kisha haikuonyeshwa. Ilipigwa marufuku?

Kabla ya 1920, mara nyingi ni meli iliyochelewa au nakala iliyoharibika. Sheria ya sinematografu ya 1918 ilileta bodi za ukaguzi, zilizoanza kazi 1920 Bombay, Calcutta, Madras na Rangoon. Kibali cha bodi moja kilitosha India nzima, lakini kila jimbo lilikuwa na uwezo wa kukifuta katika eneo lake. Ndiyo maana Bhakta Vidur ya 1921, kazi ya studio ya Kohinoor ya Bombay, iliweza kuonyeshwa nyumbani huku ikizuiwa Karachi na Madras, ambako wakubwa waliona mhusika wake anafanana mno na Gandhi. Tafuta sababu katika magazeti ya mji ulioizuia. La nyumbani laweza kuwa halina hata mstari. Kwa miaka ya 1927 na 1928, soma pia ushahidi uliotolewa mbele ya kamati ya sinema iliyoongozwa na T. Rangachariar. Wenye kumbi walijieleza humo kuhusu biashara kwa namna ambayo matangazo yao hayathubutu.

Nirekodi nini kwa kila tangazo?

Mstari mmoja kwa kila onyesho lililotangazwa, katika jedwali la kawaida. Weka jina la gazeti, tarehe ya toleo, ukurasa na safu. Ukumbi na mtaa. Tarehe ya onyesho, ambayo si lazima iwe ya toleo. Saa kama zilivyochapwa. Bei za madaraja yote kwa ana. Jina la filamu herufi kwa herufi, hata kama limekosewa, na safu nyingine ya jina sanifu. Rili au futi. Wachezaji wa jukwaani. Lugha na muziki. Na alama ya aina: tangazo, habari, barua, au tangazo la serikali.

Kwa filamu za mfululizo ongeza namba ya sehemu. Mfululizo wa Kimarekani ulikuwa wa sehemu 15 hivi, rili mbili kila moja, na kumbi za Bombay ziliweza kuunganisha sehemu kadhaa kwa usiku mmoja. Ukiandika jina tu bila namba, filamu moja itaonekana imerudi mara nane.

Andika pia matoleo uliyoyakosa. Ukurasa uliochanika, toleo lisilopigwa picha, safu ya ndani iliyomezwa na jalada: kila moja lipewe mstari wake wenye neno "halipo". Bila mistari hiyo, mtu atakayetumia jedwali lako atadhani usiku ule ukumbi ulikuwa giza.

Niamini tangazo la siku gani zaidi?

La siku ya onyesho lenyewe, na bora zaidi la siku ya pili yake. Tangazo la wiki nzima kabla lilipangwa wakati filamu bado iko forodhani. Mpanga chapa naye alikuwa na tabia yake: alihifadhi tangazo likiwa limefungwa kwa uzi na kulirudisha kesho yake, akibadilisha jina la filamu na kuacha idadi ya rili ya jana. Ukiona filamu tatu mfululizo katika ukumbi mmoja zote ni za "rili tano", linganisha umbo la mstari huo na la toleo lililotangulia. Herufi iliyovunjika mahali palepale siku tatu ina maana kwamba mstari haukuguswa, na rili tano ni za filamu ya kwanza tu.